Mungu Alinitoa Hofu Nikining'inia Mtini

Bwana wetu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi kule nyuma pia! Wageni wetu mliotoka Columbus na Buffalo, karibuni sana Louisville. Leo nasimama kwa magoti yangu mwenyewe, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Wengi mnanijua kama baba Neema. Jambo ambalo wengi hamlijui ni hili: nilikuwa mtu wa kushuku. Nilimshuku jirani aliyenisalimia, nikamshuku hata aliyenipa lifti. Nilikuwa na sababu. Baba yangu aliitwa na rafiki yake asubuhi moja, wakapasue mbao msituni. Aliondoka na msumeno begani, akituahidi kurudi kula mchana. Hakurudi. Yule rafiki alirudi.

Basi, mwaka 2015 nilikuwa kiwandani Jeffersontown, nikisimama kwenye sakafu ya saruji zamu nzima. Magoti yakaharibika. Nikawa nashuka ngazi kinyumenyume kama mtoto. Karibu nami alifanya kazi Mmarekani mmoja mtu mzima, jina lake Roni. Na yeye alikuwa mgonjwa wa magoti. Siku moja akaniletea pedi za magoti, mpya, bila kuombwa. Ndugu zangu, nilizikagua ndani na nje! Nikajiuliza, huyu anataka nini kwangu?

Baadaye akasema, "Njoo nikupeleke kuwinda swala. Nyama tutagawana. Tutakaa juu ya mti, kwenye kiti cha kamba. Ukikijua, hakiumizi magoti."

Kiti chenyewe ni mkanda mpana wa kitambaa unaokushika makalioni, na kamba inayokufunga kwenye shina. Miguu inakanyaga kibao kidogo kilichofungwa kwenye shina. Roni akataka kunipima kiuno ili anishonee cha kwangu. Nilipomweleza mke wangu, aliacha kusonga ugali.

"Baba Neema, mtu anakupima kwa kamba, na wewe umesimama tu?"

Shemeji yangu wa Columbus akapiga simu. "Usiende. Ukianguka watasema ni ajali. Nani atauliza habari za mkimbizi?"

Mtaniuliza, mbona ulienda? Nilienda kwa sababu tulikuwa tumechoka kula kuku wa dukani, mkavu kama mabanzi ya mti. Tena niliona haya kumkatalia Roni. Lakini nilikwenda na kisu kwenye soksi.

Tulipofika porini akanivalisha fulana ya rangi ya chungwa, inayong'aa kama moto. Moyoni nikasema, ananiwekea alama. Sikujua kwamba huku kila mwindaji huivaa, asije akapigwa risasi kwa makosa. Yeye ndiye mwenye bunduki, mimi sina. Akanifunga kwenye mti wangu, akavuta kila fundo, akaenda kupanda mti wa pili, nyuma yangu kidogo. Kwa nini nyuma yangu? Kila jani lilipolia nilishtuka. Kumbe swala walipita chini ya mti wangu, Roni aliniambia baadaye; mimi sikumwona hata mmoja, macho yangu yalikuwa kwa Roni tu.

Kwa kuwa nilikuwa najigeuzageuza kumtazama, nilikaa vibaya. Magoti yakabanwa kwenye gome la mti. Maumivu yakapanda hadi nyongani. Mguu ukafa ganzi, ukateleza kwenye kibao, nami nikaning'inia! Magoti yote mawili yakagonga shina. Nikapiga kelele kwa Kirundi.

Roni akashuka mbio, akaja chini ya mti wangu na bunduki mkononi. Nikachomoa kisu. "Usipande! Usinisogelee!"

Hapo nikaomba: Bwana Yesu, niokoe na mtu huyu!

Ndugu zangu, Roni alinitazama, akakitazama kisu. Hakukasirika. Alitoa risasi ndani ya bunduki, akailaza kwenye majani, akarudi nyuma mikono juu, hatua kwa hatua, mpaka akasimama mbali kabisa na ile bunduki.

"Sipandi," akasema. "Ila usikate kamba. Hiyo kamba ndiyo inayokushika. Nisikilize tu. Kibao kiko kulia kwako, chini kidogo."

Nikapapasa kwa mguu, nikakipata.

"Simama kwanza, kamba ilegee. Sasa legeza fundo, ujipe nafasi na mti. Halafu egemea nyuma, uzito uende makalioni na miguuni. Magoti yasiguse gome."

Nikaegemea. Haleluya! Ile kamba niliyoiogopa ikanibeba. Magoti yakaacha kuuma palepale.

"Ukichoka, geuka ubavu," akaniambia. "Mimi hufanya hivyo, magoti yangu ni mabovu kuliko yako."

Nililia juu ya ule mti. Nilikuwa nimemwomba Mungu aniokoe na Roni, na Mungu alinijibu kwa kinywa cha Roni.

Niliposhuka, akaniuliza kwa upole, "Ni nani alikufanyia nini?" Nikamweleza habari za baba yangu, kwa Kiingereza changu kibovu. Sikuwahi kuisema hadithi hiyo kwa mtu asiye wa kwetu. Roni alikaa kwenye majani, akavua kofia. Siku hiyo hatukupata nyama. Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani na mkewe, akaketi na mke wangu, akamwonyesha kwenye ramani mahali tunapoendaga.

Ndugu zangu, sisemi mwamini kila mtu. Hapana! Dunia bado ina watu wabaya, na mimi bado nageuka nyuma nikisikia hatua. Lakini labda yuko mtu ambaye Mungu amemtuma kwako, nawe umemfungia mlango kwa ajili ya kosa la mwingine. Mwombe Mungu akuonyeshe. Mpe Yesu uzito wako wote, egemea, utaona kama atakuangusha.

Siku hizi, tukienda porini, Roni akishazima gari hunipa funguo nizitie mfukoni mwangu. Hakuniambia kwa nini, na mimi sijamwuliza. Huzipokea, nikijua hawezi kurudi bila mimi, kisha tunapanda miti yetu.

Sifa zote zimrudie Mungu. Amina!