Kodi Tatu za Steki

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, nje ya chumba ninachoshonea nguo. Katikati ubao umebonyea, kwa hiyo hapo hukaa mwembamba wetu, Wakili, mpaka rangi wa nyumba ambaye hajasomea sheria hata siku moja wala hajakubali kushindwa kesi hata siku moja. Pembeni yake hukaa Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamwomba apumzike. Mama Birika huweka jiko lake la kahawa kwenye kivuli cha ukuta, na mimi nawasikiliza wote nikiwa mlangoni, mguu kwenye cherehani. Ng'ambo ya barabara kuna duka la nyama la rafiki yetu Steki, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye vidole vinene kama mipini ya nyundo. Siku mambo yalipoanza, Steki alifunga duka mchana kweupe, akapotea kidogo, akarudi amekumbatia kitu chenye shingo ndefu, amekifunika kwa aproni yake nyeupe. Upepo ukaipeperusha aproni. Lilikuwa gitaa.

— Mmeona nilichokiona? — akauliza Breki.

— Gitaa, — nikasema.

— La nani?

— Si analo mkononi?

— Kulishika si kulimiliki, — Wakili akadakia. — Huo ni ushahidi wa kuokoteza.

— Labda anataka kujifunza kupiga, — akasema Mama Birika, akimimina kahawa.

Breki akacheka mpaka akakiweka kikombe chini.

— Kwa umri ule? Samaki mkunje angali mbichi, mama! Yule keshakuwa ng'onda.

— Methali hiyo haimhusu, — akasema Wakili. — Steki hauzi samaki, anauza nyama. Ya kwake ni hii: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa mvunguni kumeingiaje?

— Gitaa lile atalificha wapi, kama si mvunguni?

— Alifiche kwa nini? — akauliza Mama Birika.

— Umeniwahi, — akasema Breki, akisogeza kichwa kama mtu anayemwaga siri. — Kuna mwanamke. Mwanamume wa makamo hanunui gitaa bila sababu iliyovaa hereni.

— Acha ulimi huo, — akasema Mama Birika. — Ana mke yule.

Hapo tukanyamaza. Mke wa Steki mtaa mzima ulimwita Chiriku, na jina lilimkaa kama nguo aliyopimwa. Ulikuwa unamsikia kabla hujamwona. Alimsalimia kila mtu kwa jina na jina la mama yake, alibishania bei mpaka muuzaji akaomba msamaha, na akifua nguo uani aliimba hata sisi huku barabarani tukajua amefika kwenye mashuka. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa unaburuta, na maneno yakaondoka. Alielewa kila unachomwambia, ila akifungua mdomo kujibu hutoka sauti moja tu: ta, ta, ta. Siku moja watoto wa njiani walimwigiza. Tangu hapo hakutoka tena nje ya geti lake.

Lakini benchi likinyamaza sana huota kutu. Wakili akakohoa.

— Mimi naona siasa. Anataka udiwani. Gitaa ni la kukusanyia watu.

— Diwani wa nini, mtu haongei mbele ya watu watatu!

— Ndiyo maana kanunua kitu cha kumwongelea.

— Hapana, hapana, — Breki akapiga paja. — Nimepata. Ni kwa ajili ya nyama. Ng'ombe akisikia muziki hutulia, nyama yake inalainika.

— Ng'ombe wa dukani si keshachinjwa?

— Muziki haujali! Au basi, ndani ya lile gitaa kuna kitu. Lina tundu kubwa katikati, umeliona? Debe tupu haliachi kuvuma.

— Sasa hiyo ndiyo kazi yake, Breki. Likikoma kuvuma si wanalirudisha dukani?

Kuanzia hapo ikawa kila alasiri. Nyama ikipungua kwenye ndoano, Steki ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anafunga duka, anapandisha barabara na gitaa lake. Siku moja Breki akamfuata. Alirudi anahema, uso umejaa ushindi.

— Hereni nimeziona kwa macho yangu! Ni yule mwalimu wa chekechea. Wamejifungia darasani!

Wakili alishasimama. Mama Birika, ambaye hajawahi kuacha jiko lake kwa jambo lolote, akaliacha. Mimi nikaenda na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

Tulichungulia dirishani. Darasa lilikuwa tupu, watoto wameshakwenda kwao. Steki alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne, magoti yamepanda karibu na masikio, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mbele yake alisimama mwalimu, binti wa kumzaa kabisa, mikono kiunoni.

— Baba, bonyeza uzi kwa ncha ya kidole, si kwa tumbo la kidole.

— Mwalimu, kidole changu chote ni tumbo.

— Basi tafuta ncha. Tena.

Steki akapiga. Ilitoka sauti kama sufuria iliyoanguka ngazini. Akakunja uso, akapanga vidole upya kimoja kimoja kwa kuvisukuma na mkono wa pili, kama mtu anayewapanga watoto wakaidi mstarini.

— Ingieni tu, — akasema bila kugeuka. — Pua ya Breki imeshaingia darasani kitambo.

Tukaingia, tukabaki kusimama ukutani kama waliochelewa shule. Breki ndiye aliyejitoa.

— Ndugu yangu, hii ni nini?

— Hii ni kodi ya kwanza.

— Kodi? Kumbe hata gitaa wanalitoza?

— Ukizibana nyuzi zikalia pamoja kwa kupatana, ndiyo inaitwa kodi, — mwalimu akaeleza. — Wimbo anaoutaka baba una kodi tatu tu.

— Wimbo gani huo?

Steki akaliweka gitaa mapajani, akaanza kufuta jasho kwa mkono wa shati.

— Redio ilikuwa inapiga muziki nyumbani, — akasema. — Nikamsikia mke wangu anaufuata. Si maneno, ni sauti tu, lakini ilikuwa sawasawa, haitetemeki. Nikasogea. Nikaona midomo yake inatafuta neno, inalikaribia, inalikaribia. Redio ikapita. Redio haimsubiri mtu, jamani. Akajaribu linalofuata, nalo likampita. Akalia. Nikasema moyoni, mimi nitafute muziki unaoweza kumsubiri.

Breki akavua kofia yake.

— Baba, — akasema mwalimu taratibu. — Tena.

Tangu siku ile benchi zima likawa la gitaa. Zile dhana za hereni na udiwani zilizikwa bila matanga, zikaja za ufundi. Maana Steki alikuwa anaumia. Ncha za vidole vyake vya kushoto zilichanika, na mtu anayeshika nyama na chumvi kutwa hawezi kuficha kidonda. Breki akamwambia achovye vidole kwenye kahawa ya moto. Wakili akasema kahawa haina nguvu, dawa ni rangi ya mafuta, ipakwe mara mbili, ikikauka unapiga. Mimi nikamkopesha kile kikofia cha chuma ninachovaa kidoleni nikishona kwa mkono. Alikijaribu. Mbwa wote wa mtaa wakabweka, nikachukua kifaa changu.

Halafu kodi ya pili ikaja, ikakubali. Ya tatu ikagoma. Kila akiondoka kwenye ya pili kwenda ya tatu, vidole vinapotea njia, wimbo unasimama katikati kama lori lililozimika mlimani. Wiki zikapita hivyo. Alasiri moja Steki akavuka barabara, akakaa kwenye benchi mpaka ubao ukalia.

— Naliuza, — akasema. — Nimejidanganya. Asiye na bahati habahatishi.

— Haba na haba hujaza kibaba, — akasema Breki.

— Kibaba changu kimetoboka.

— Mvumilivu hula mbivu, — akasema Wakili.

— Na mbichi je, anakula nani? Kwa sababu hizo ndizo ninazokula mimi.

Mama Birika akampa kikombe. Yeye hakuwa na methali.

— Wifi yangu anafanya nini ukimpigia?

— Anasikiliza. Anatikisa kichwa.

— Na ukikosea?

Steki akaona haya kidogo.

— Ananipiga kofi la bega. Kwa huo mkono mzima.

— Kila ukikosea?

— Kila nikikosea. Tena kwa nguvu.

— Basi anao wimbo wote kichwani, neno kwa neno, ndiyo maana anajua ulipopotea. Unao mwalimu wa pili nyumbani kwako na wewe unauza gitaa? Nenda ukapigwe, bwana wee.

Steki akanywa kahawa yake yote, akasimama, akaenda kupigwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Barabara ilikuwa imetulia, watu wamekaa vibarazani. Geti la Steki likafunguka, akatoka yeye, gitaa mgongoni, mkono mmoja amemshika mkewe. Chiriku alikuwa amevaa gauni la kijani nililomshonea mimi mwenyewe zamani, limempwaya sasa. Alitembea anaburuta mguu, macho chini. Walipofika ukingoni Breki akaruka kutoka kwenye benchi, akasimama katikati ya barabara mikono ameitandaza, akasimamisha pikipiki mbili na gari moja la mizigo.

— Tulia wewe! — akamkaripia dereva aliyepiga honi. — Hujui nani anapita hapa?

Wakili akaondoka mahali pake pa katikati bila kuombwa. Mama Birika akasema:

— Karibu wifi yangu. Jiko lilikuwa limepoa bila wewe.

Chiriku akaketi. Hakumtazama mtu. Steki akakaa kwenye kigoda changu mbele yake, akaegemeza gitaa tumboni.

Akaanza. Haukuwa muziki wa kucheza, ilikuwa ni mwendo wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wimbo tuliutambua papo hapo, ule wa siku za mashuka. Kodi ya kwanza ikalia safi. Chiriku akafumba macho, akaifuata kwa sauti. Kodi ya pili ikalia, sauti yake ikapanda nayo, nyembamba, ile ile. Halafu ikaja njia panda ya kwenda kodi ya tatu, na vidole vya Steki vikapotea kama kawaida yake.

Kimya. Steki anahangaika, kidole hiki hapa, hiki hapa. Na katika kile kimya midomo ya Chiriku ilikuwa inafanya kazi. Inalitafuta. Inalikaribia. Hakukuwa na wa kumkimbiza. Kidole cha mwisho cha Steki kikatua kwenye uzi, akapiga, na pamoja na mlio ule neno likatoka, zima, lenye kichwa na miguu:

— Fungua.

Steki akaacha kupiga. Kofi la bega likatua, paa! Akaanza tena upesi, machozi yanamdondokea kwenye mbao za gitaa.

Fungua dirisha, mwenzangu, fungua,
jua li mlangoni, lataka kuingia.

Mara ya kwanza alipata neno moja. Mara ya pili akapata nusu ya mstari. Mara ya tano, au ya sita, aliimba mistari yote miwili, kwa mwendo ule wa polepole wa Steki, kila aliposimama kutafuta kodi naye akiokota neno. Watu wakashuka vibarazani. Dereva wa gari la mizigo akazima injini, akateremka. Mwalimu wa chekechea akaja mbio, viatu mkononi.

— Shemeji! — Breki akapaza sauti, anafuta uso kwa kofia. — Nisalimie basi na mimi!

Chiriku akamgeukia, akafungua mdomo.

— Ta, — akasema. — Ta.

Watu wakaganda. Yeye akacheka, ndiye wa kwanza kucheka. Akamgusa Steki bega, safari hii bila kofi, akamwonyesha nyuzi. Steki akapiga, na Chiriku akaimba akimtazama Breki usoni:

— Fungua dirisha, ee Breki, fungua!

Sijui nani alipiga kelele zaidi. Breki alimkumbatia Wakili, Wakili akamkumbatia dereva asiyemjua, Mama Birika akapiga vigelegele mpaka kahawa ikafurika jikoni na hakuna aliyeishughulikia. Chiriku akamgeukia Wakili, akamwimbia na yeye jina. Akanigeukia mimi. Akafika mpaka kwa dereva, akakosa jina lake, akamwonyesha kidole alitaje, akaliimba.

Katikati ya ghasia hiyo akaja kijana mmoja amevaa koti jeupe, mkoba begani, vumbi miguuni. Alisubiri kidogo, akaona hakuna dalili ya kunyamaza, akamgusa Wakili kiwiko.

— Samahani mzee. Mimi ni mgeni kituo cha afya, nimetumwa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Namtafuta mama mmoja wa mtaa huu, asiyeweza kusema. Mnaweza kunionyesha ni yupi?

Wakili akamtazama. Akafungua mdomo. Akanigeukia mimi, mimi nikamgeukia Breki, Breki akamgeukia Mama Birika, na Mama Birika akatazama juu.

— Jamani, — kijana akauliza tena, — ni yupi?

Chiriku alikuwa ameshamwona, na alikuwa anampigia Steki bega aanze upya.