Kabla ya Kupanda Nywele, Kunja Shati

Ndani ya pirogi, mtumbwi wa kuvuka mto kwenda Lubunga, tonton mmoja, baba wa makamo, alitutangazia sote kwamba anaenda kupandwa nywele, maana mchumba wake hajawahi kumwona bila kofia. "Watatoa za kisogo, watapanda mbele!" Akavua kofia. Jua likapata kioo.

Muuguzi aliyeketi karibu naye hakutazama kichwa. "Tonton, onyesha kwanza alama ya chanjo."

"Maman, kipara iko kwa kichwa, haiko kwa mukono!"

"Kunja shati."

Kovu lilikuwa limevimba kama haragwe. Tuliinama kuliona, pirogi nayo ikainama.

"Bon. Ngozi yako wakiikata, inavimba hivi. Unataka kisogo ya maharagwe?"

"Alors, mchumba nimuonyeshe nini?"

"Kichwa."

Pirogi ikagusa ng'ambo. Tonton alishuka kofia mkononi, hajaamua kama ataivaa tena.