Marehemu Nevzat na Daraja la Kızılsu

Ndugu waombolezaji, haya nitakayosoma yaishie hapa hapa uani pa msikiti, yasifike sokoni wala gazetini, kwani marehemu mdogo wangu aliniapisha kwa mkate, nikaubusu, nikauweka kwenye paji la uso, kwamba sitasema, na mimi Müzeyyen, dada yake, nasema.

Nevzat Karaduman alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, kijijini Kızılsu, mpakani kabisa, akasoma hapo hapo hadi 1962, kisha mjini, kisha chuo kikuu Ankara, na mwaka 1974 akaajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje, akamwoa Bi Şükran tarehe 14 Juni 1979, wakajaliwa Tülay na Kenan.

Kazi yake ilikuwa kuandika taarifa za kuwashauri wakubwa tuishi vipi na majirani, na nchi yetu ilikuwa imeanza kuinuka, inatembea kifua mbele kama kijana aliyeota ndevu juzi, kila mtu akitaja kinachoiongoza, huyu bomba la gesi, yule jeshi, yule ngano, naye Nevzat alikuwa na lake moja, mama yetu Hatun, ambaye dada yake Gülizar alibaki ng'ambo ya mto daraja lilipofungwa, wakabaki kupungiana vitambaa kila sikukuu.

Mama alimtania, "Wewe unayewaandikia wakubwa, daraja la kupitisha sufuria ya wali kwa dada yangu tu limekushinda?", naye hakucheka, akaanza kuchomeka mwishoni mwa kila taarifa sentensi moja, kwamba nchi kubwa hujulikana kwa mlango inaomfungulia jirani mdogo, mkurugenzi akaikata kwa wino mwekundu, "Nevzat, hii ni sera ya nchi, si barua ya mama yako!", akajibu, "Sawa, mzee," na mwezi uliofuata akairudisha, hivyo hivyo miaka kumi na mmoja, mpaka waziri mmoja akaisoma redioni kama yake, na wasomi wakajaza kurasa wakieleza hesabu kali ya kisiasa iliyofichwa humo.

Daraja lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2004, na mama tulikuwa tumemzika tarehe 11 Aprili, arobaini yake haijafika.

Alistaafu 2011, akaanza kuugua mapafu Oktoba 2022, akatutoka jana, tarehe 17 Januari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Şükran.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha wakisonga halua, na wenzake wa kazini, pamoja nawe mzee mkurugenzi uliyekaa mbele, usiiname, tumeshasameheana.

Nimebakiza siku moja tu, ile ya ufunguzi, wakubwa wamejipanga, bendi inapiga, Nevzat kapewa mkoba wa waziri aushike, mara mkoba uko chini, utepe haujakatwa, na yeye yuko katikati ya daraja na sufuria ya mama, yenye wali wa ngano niliopika mimi, anamwendea ajuza mwenye kitambaa anayeuliza dada yake yuko wapi, mkurugenzi akapaza sauti, "Kumbe ilikuwa barua ya mama yako kweli!", kamera zote zikamgeukia, naye, kwa kuwa sufuria ilitaka mikono yote miwili, hakubakiwa na wa kujifutia machozi.

Pumzika, mdogo wangu, sufuria ilifika.