Mistari Sita Aliyoiacha Dada

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, na ninyi wa mahakamani mliokuja na nguo zenu za kazini, mimi ni kaka wa marehemu, kinyozi, wengi mnaniita Redio, na nimewaona walionyoosha miguu niliposhika karatasi, wakijua leo tutafika jioni, maana samaki niliyemvua mimi huongezeka urefu kila ninapomsimulia, lakini tulieni, karatasi hii aliipiga chapa dada mwenyewe akiwa kitandani hospitalini, tarehe zote isipokuwa ya mwisho kaziweka yeye, na juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa, KAKA, SOMA KAMA ILIVYO, USITIE CHUMVI.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Mei 1972, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni alikofanya kazi baba, akiwa mtoto wa mwisho na wa kike pekee, akaanza darasa la kwanza Januari 1979, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu alilizungusha daftari lake shule nzima, langu nalo liliwahi kuzungushwa, ila kwa sababu nyingine.

Baada ya hapo dada ameandika 1981, akaacha mistari sita mitupu, na pembeni, Kaka, jaza hapa ulichokiona. Mwaka huo katika ukoo wetu huwa tunauruka, tunasema mtoto aliugua, akarudia darasa, basi. Hakuugua.

Tarehe 3 Agosti 1981, saa tisa mchana, baba alinituma kwa fundi saa, rafiki yake, nikamchukulie saa yake ya mkononi, nikakuta mlango wa duka umefungwa kwa ndani, nikagonga, nikagonga tena, ukafunguliwa, dada akatoka analia, amevaa kiatu kimoja. Alikuwa na miaka tisa. Nikamshika mkono nikampeleka kwa mama. Ndicho nilichokiona, hakuna zaidi.

Alichofanyiwa mle ndani dada alikisema kwa mama, kwa polisi na kwa daktari, bila kubadilisha neno, lakini sheria ya wakati ule, na hapa wenye kazi yenu mtanisahihisha, mimi niliishia darasa la saba, ilimchukulia mtoto kama mtu anayeweza kuota mchana, neno lake tupu halikutosha kumfunga mtu mzima, lilitaka neno la mwingine wa kulishikilia, na huyo mwingine nilikuwa mimi, nina miaka kumi na tano, nimevaa shati la baba, nikala kiapo, nikatazama ukumbi umejaa watu, kichwa kikavimba. Nikasema mlango niliuvunja kwa teke moja. Nikasema fundi saa nilimtandika ngumi, jino likaruka. Wakili wake, mtu mpole wa miwani, hata hakubishana nami, alimwomba tu mteja wake asogee kwa hakimu afungue kinywa, na meno yalikuwemo yote, ukumbi ukaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Dada alikuwa benchi la mbele, miguu yake haifiki sakafuni. Yeye hakucheka.

Tarehe 9 Oktoba 1981 hakimu alisema kwamba yeye mwenyewe hana shaka na mtoto, ila sheria inamwonya ni hatari kumfunga mtu kwa neno la mtoto peke yake, na shahidi wa kulishikilia neno hilo amejionyesha kuwa mwongo, kwa hiyo fundi saa akaachiwa, na kesho yake asubuhi akafungua duka. Mistari sita imeshapita zamani, dada, niwie radhi.

Alirudia darasa, akamaliza sekondari mwaka 1991, akasomea uhazili, na tarehe 1 Februari 1993 akaajiriwa kupiga chapa katika mahakama ileile, mama akamuuliza, Mwanangu, kazi zote zimeisha mpaka ukakae humo, naye akajibu, Mama, nataka nione kama bado wanacheka. Humo alipiga chapa maswali wanayoulizwa watoto, kama wanajua maana ya kiapo, kwa nini hawakupiga kelele, na aliyewaumiza amekaa hatua tatu mbele yao anawakodolea macho, na katika madaftari ya zamani ya masjala akalikuta jina la fundi saa mara mbili zaidi, mwaka 1985 na mwaka 1988, watoto wengine, kesi zimefutwa, hakuna shahidi wa pili.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, seremala, aliyekuja mahakamani kutengeneza viti, dada akamwambia, Fundi, kabla ya cha hakimu, nichongee kimoja kifupi, cha mtu ambaye miguu haifiki chini, na shemeji anakiri kwamba kuanzia hapo alikuwa akilegeza misumari makusudi apate sababu ya kurudi. Mungu aliwajalia binti na mvulana.

Sheria nayo ilikuja kubadilika, pole pole, kama mtu anayeamshwa usingizini, mwaka 1999 vifungo vikaongezwa, mwaka 2001 watoto wakaanza kusikilizwa faragha, nyuma ya pazia, na mwaka 2005 ikaandikwa kwamba hakimu akiridhika mtoto anasema kweli, neno lake linatosha. Juni ya mwaka huo dada alikuja kibandani kwangu, wateja wawili wanasubiri, akasema, Kaka, leo nimepiga chapa hukumu, hakukuwa na shahidi mwingine, mtoto peke yake, na ameaminiwa. Nikamjibu, Kumbe siku hizi hawanihitaji! Wateja wakacheka, dada akaniaga. Fundi saa alikuwa ameshafia nyumbani kwake miaka mitatu nyuma, bila kulala rumande hata siku moja, na mimi kwenye kiti changu cha kunyolea nilikuwa bado nawaambia watu kwamba alihama mtaa kwa kuiogopa ngumi yangu. Hakuhama.

Mwaka 2020 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Wiki yake ya mwisho aliniuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na moja, Kwa nini hukusema ulichokiona tu? Nikamwambia, Nilitaka watu wajue kwamba nilikupigania. Akasema, Kaka, kiatu kimoja kingetosha. Alifariki tarehe 6 Septemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliopokezana kukaa naye, na wenzake wa masjala, ambao mmetuambia kile kiti kifupi bado kipo ukumbini na kinakaliwa karibu kila wiki, habari ambayo sisi wa familia hatukujua tuipokee kwa furaha au kwa huzuni.

Dada, nimesoma kama ilivyo. Pumzika sasa kwa amani, wewe uliyesema kweli tangu siku ya kwanza.