Fundi Chekecheke na Udongo Usiotuamisha Maji

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuponda, kuchekecha na kugombana na vumbi, fundi wetu wa udongo hapa kitaluni anastaafu kesho Ijumaa, tarehe 30 Juni. Safari hii anastaafu kweli. Mara mbili zilizopita tulimuaga, tukala keki, na Jumatatu asubuhi tukamkuta bandani kavaa aproni yake.

Wengi mnamjua kama Fundi Chekecheke. Kazi yake ni kuchanganya udongo wa bonsai, ile miti mizima inayoishi kwenye vyungu vyenye kina cha sahani ya supu. Udongo wa shambani ukiuweka humo unashikana, maji yanatuama, mizizi inaoza. Yeye huchanganya kokoto nyepesi za volkeno, vigae vilivyopondwa na mboji kiduchu, kisha huchekecha mara mbili: kwanza kutoa mabonge, halafu kutoa vumbi. Vumbi ni adui yake wa kuzaliwa. Amewahi kumfukuza meneja bandani kwa sababu ya viatu.

Mafanikio yake ni mengi. Mwaka ule ombi lake la chekecheke mpya lilipolala miezi minane mezani kwa meneja, alibandua wavu wa mbu kwenye dirisha la ofisi hiyohiyo, akachekechea. Meneja alijikuna siku tatu, ya nne akasaini. Nyumbani nako, vigae vilipomwishia aligeukia vyungu, na mkewe, mama mvumilivu yule, akazoea kuvihesabu kabla mume hajatoka kwenda kazini.

Lakini jamani, kipimo chake! Fundi hatumii saa. Humwaga kopo la maji chunguni, na hapohapo huanza kumsalimu aliye karibu: habari za asubuhi, za nyumbani, za mama, za watoto. Maji yakitoka chini mkiwa kwenye habari za nyumbani, udongo ni mzuri. Mkifika kwa watoto na tundu bado kavu, hilo ni tope, mwaga.

Kipimo kilifanya kazi miaka mingi, mpaka siku shemeji yake alipokuja kumtembelea. Shemeji huyo ukimuuliza habari za asubuhi anaanzia usiku alivyolala na kumalizia na goti. Tope likapata muda wa kuchuruzika taratibu, likafaulu mtihani, na miti kumi na mmoja ikaoza mizizi. Fundi alilia kama aliyefiwa. Tangu siku hiyo hupima na mlinzi wa getini tu, mtu ambaye kila swali hulijibu "salama". Mlinzi akienda likizo, banda linafungwa.

Sasa ndipo ninapoingia mimi, mmwagiliaji wenu. Fundi aliapa hataondoka mpaka mtu achanganye udongo atakaoukubali, na mtu huyo nikawa mimi. Mara ya kwanza sikuchekecha vumbi. Tulifika kwa watoto, kwa wajomba, kwa majirani, maji yametulia juu kama chai kikombeni. Mara ya pili vigae vyangu vilikuwa vinene mno, maji yakapita kabla mlinzi hajafungua mdomo. Ndiyo maana mlikula keki mbili za bure.

Mara ya tatu, mwanzoni mwa mwezi huu, alileta mkwaju alioupanda mwenyewe kwa mbegu wiki yake ya kwanza kazini. Miaka thelathini na minne, na haufiki hata gotini. Ulikuwa lazima ubadilishiwe udongo, na alitaka uwe wangu. Nilimsihi alete mti mwingine. Akakataa katakata, akisema mti asiouonea uchungu hautanifundisha kitu. Nikachekecha mara mbili, mlinzi akaitwa. Maji yakatoka kwenye habari za nyumbani. Fundi akaupanda, akatangaza kwamba ataondoka siku utakapotoa jani jipya.

Wiki tatu nzima sikula vizuri kwa hofu kwamba nimeua mti wa watu. Jumatatu hii nikaliona jani, kibichi, bado limejikunja. Nilipaswa kukimbia kumwambia. Badala yake nikakigeuza chungu, jani likatazama ukutani. Nilitaka abaki siku mbili zaidi, basi. Jana uzalendo ukanishinda, nikamwita, nikaungama. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe mwenzangu aliliona tangu Jumamosi, akanyamaza.

Fundi, nimekuita mkorofi miaka yote hii, na leo nasema mbele ya wote: wewe ni mwalimu wangu. Asante kwa kila punje. Nenda ukapumzike na mama, Mungu akujalie afya, usingizi mtamu na umri mrefu. Mkwaju wako uko salama kwangu, na chungu nimeshakigeuza, jani linatazama mlangoni.