Mwenyekiti wa Kikao cha Marehemu Astaafu

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kampuni yetu ya bima, Mkuu wa Idara ya Uchambuzi wa Hatari anakabidhi funguo, kitambulisho na kile kiti chake chenye mguu uliofungwa waya. Karibu wote humu ndani tunamwita Dada Itakuwaje. Wageni wakisikia hudhani ni jina la kumkera, kumbe alilipata kihalali kabisa, maana hakuna mpango uliowahi kupita mezani kwake bila kuulizwa swali hilo, tena kwa sauti ya upole ya mtu anayeuliza kama chai imetiwa sukari.

Mhariri wa jarida letu amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, na nadhani alifanya makusudi. Mimi ni mkuu wa mauzo. Kazi yangu ni kuwaleta wateja mlangoni, na kazi yake ni kuwasimamisha hapohapo mlangoni awaangalie kuanzia utosi hadi soli ya kiatu. Kumwomba mtu wa mauzo amsifu mchambuzi wa hatari ni sawa na kumwomba mshambuliaji amsifu refa. Nimekubali, tena kwa moyo mweupe.

Lakini kabla sijafika mbali, lipo jambo lililotuweka roho juu majuzi hapa. Dada alitaka kufungua shule ya udereva akishastaafu. Ualimu wa udereva ameusomea mwishoni mwa juma na cheti anacho. Jengo lilikuwa limepatikana, magari yamepatikana, mshirika yupo, mkataba wa pango umechapwa vizuri na nafasi ya sahihi imeachwa chini. Na yeye, aliyepitisha hatari za watu wengine kwa zaidi ya nusu ya umri wake, akashindwa kupitisha ya kwake. Ule mkataba ulilala kwenye droo mwezi mzima. Sisi tuliojua tulianza kuingiwa na hofu kwamba atatoka hapa aende nyumbani kuutazama ukuta.

Turudi nyuma kidogo. Alikuja kwetu akiwa na shahada ya hisabati na nia ya kuwa mwalimu, nia iliyosubiri ajira hadi ikachoka yenyewe. Akachukuliwa Idara ya Fidia, kuingiza kwenye kompyuta habari za magari yaliyogongana na maduka yaliyoungua. Wenzake waliingiza huku wakisinzia. Yeye akaanza kusumbua watu. Mbona malori ya bwana huyu hugongwa kwa nyuma tu? Mbona maduka ya mtaa huu huungua kuliko ya mtaa wa pili, na umeme ni uleule? Msimamizi wake wa wakati ule, mama mkali aliyekuwa na miwani moja machoni na nyingine kichwani, alimjibu kwamba maswali ya namna hiyo yana watu wanaolipwa kuyauliza, na kwamba kuna mitihani yake. Dada akajiandikisha masomo ya jioni.

Mitihani hiyo ilimnyoosha. Alianguka mara ya kwanza, akaanguka mara ya pili, na ya pili ilimuuma zaidi kwa sababu alikuwa ameshawatangazia watu. Hapo ndipo mumewe, fundi wa majokofu, alipompokonya jiko na kumwachia vitabu. Watoto wao wanasimulia mpaka leo kwamba mwaka ule walikula wali wenye hali tatu katika sufuria moja, umeungua chini, rojorojo katikati, mbichi juu. Dada alifaulu, na siku matokeo yalipotoka aliyelia ni fundi.

Msidhani alipokewa kwa zulia. Idara anayoiacha leo na watu wake kumi na wawili ilianza kama meza moja kwenye korido, kati ya mtungi wa maji na mlango wa choo. Kila aliyepita alimsalimu kwa haraka ya mtu mwenye shida zake. Pale kwenye korido ndipo alipotengeneza sheria ambazo wachambuzi wake wanazijua kama wanavyojua majina yao. Huandiki juu ya kitu ambacho hujakwenda kukiona kwa macho yako. Kama ni ghala, uingie ulinuse. Kama ni kiwanda, ukae mpaka zamu ibadilike. Na ukirudi uandike ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo bibi yako angeyaelewa. Ripoti nene alikuwa anairudisha bila kuisoma, akiiwekea peremende juu ili mwenyewe asivunjike moyo. Nawajua vijana waliokula peremende nyingi sana mwaka wao wa kwanza, na sasa ni wakubwa katika makampuni mengine.

Kisha akaleta kile kikao. Kabla ya mpango wowote mkubwa kuanza, anatuita chumba cha mikutano, simu zote kwenye kikapu, na anatutangazia kwamba mwaka umepita na mpango wetu umefariki. Hakuna kuuliza kama utakufa. Umeshakufa, tuko hapa kueleza kilichouua. Aliye mgeni kazini husema kwanza, asije akaiga wakubwa, na mkurugenzi husema mwisho. Na kusema hapana tupu ni marufuku, kwani anayetaja ugonjwa lazima ataje na dawa yake. Mwanzoni tulikuwa tukipeana pole tukiingia mlangoni na kuulizana marehemu aliugua lini. Jina likaganda, likawa Kikao cha Marehemu, na hata wenye kampuni siku hizi huliandika hivyo kwenye ratiba zao.

Kikao kilichomgharimu kuliko vyote kilikuwa cha mabasi yangu. Nasema yangu kwa sababu mteja yule nilimfukuzia mwaka mzima. Mwenye mabasi ya safari za mbali, msururu mzima, ule ungekuwa mkataba mkubwa kuliko wote niliowahi kuuleta. Siku ya kutia sahihi ilikuwa imepangwa, kitambaa cha meza kimepigwa pasi, mpiga picha ameshaambiwa. Dada akaitisha Kikao cha Marehemu. Zamu yangu ilipofika nikasema marehemu ameuawa na husuda ya Idara ya Hatari, naye akaliandika ubaoni vilevile bila kucheka.

Zamu yake ilipofika, akaeleza alichokiona. Alikuwa ameshinda kwenye yadi ya mabasi, amekalia gurudumu la akiba, akitazama. Akamwona dereva akiingia asubuhi kutoka safari ya usiku kucha, akanawa uso bombani, akanywa maji, akaondoka na basi lilelile. Halafu mwingine hivyohivyo. Akamuuliza fundi wa gereji, fundi akashangaa kuulizwa jambo la kawaida namna ile. Dawa aliyoitaja ilikuwa madereva wawili kwa kila basi la safari ndefu. Bila hivyo hapitishi.

Mwenye mabasi alipopelekewa sharti hilo aliona amedharauliwa, akahamia kwa washindani wetu siku ileile. Mkurugenzi alikunja uso wiki nzima. Kiti cha ukuu wa idara, ambacho kila mtu alijua ni cha Dada, kikapewa bwana mmoja kutoka nje mwenye tai nzuri. Jioni hiyo Dada alikuja ofisini kwangu, akaketi, akasema waziwazi kwamba imemuuma. Alikuwa ameshampigia mama yake kumwambia kiti ni chake. Akasema pia kwamba hata kesho akiulizwa tena kuhusu mabasi yale ataandika lilelile. Kisha akaazima mashine yangu ya kubania karatasi, ambayo hadi leo hajairudisha.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Hakikufuata kitu. Mabasi yalikwenda, mabasi yakarudi, washindani wetu wakavuna. Vijana wangu wa mauzo wakawa na salamu mpya ya asubuhi, kumwarifu Dada kwamba mabasi yamefika salama. Yeye alijibu kila mara kwamba anashukuru, na alikuwa anashukuru kwelikweli. Yule bwana wa tai, Dada ndiye aliyemfundisha kazi mwanzo mpaka mwisho, bila kinyongo, ingawa nina uhakika tai ile ilimkera.

Mwaka uliofuata mama mmoja alifika mapokezi, akakataa kuonana na mtu wa mauzo, akamtaka yule mwanamke wa kwenye gurudumu. Alikuwa mke wa mwenye mabasi, na ndiye aliyekuwa akipanga safari na zamu za madereva. Siku ile yadini Dada alikuwa amemuuliza mama huyo, je, dereva huyu akisinzia pale mteremkoni, na basi limejaa, itakuwaje? Basi. Mama yule alirudi nyumbani akakosa usingizi, na juma lilelile akapanga madereva wawiliwawili. Mumewe akaja juu. Mama akamwambia mumewe achague, ama iwe hivyo, ama apange zamu mwenyewe. Mwaka mzima ukapita bila msiba barabarani, na sasa alitaka mabasi yake yakatiwe bima na watu waliomuuliza swali. Nikapata mkataba wangu, tena mnono kuliko ule wa kwanza.

Je, kuna ajali iliyozuiwa? Nani ataithibitisha? Ajali ambayo haikutokea haipigwi picha, na abiria waliofika nyumbani salama hawajui kama kuna wa kumshukuru. Nilipopewa kazi hii nilikwenda idarani kwake kutafuta mafanikio ya kuorodhesha, nikakuta kabati lenye kikombe kimoja tu, nacho ni cha mashindano ya kuvuta kamba. Hiyo ndiyo kazi ya mchambuzi wa hatari. Ikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Kuifanya miaka yote hiyo kwa kichwa kilichoinuka kunahitaji mtu anayejiamini mpaka kwenye mifupa, na sisi tulikuwa naye. Bwana wa tai alipohamia kwingine, kiti kilimfikia mwenyewe bila hata kura. Na mke wa mwenye mabasi akawa shoga yake wa kufa na kuzikana. Huyo ndiye mshirika wake katika shule ya udereva.

Nirudi basi kwenye ule mkataba ndani ya droo. Mhasibu mkuu, jirani yake wa mlango kwa mlango, ndiye aliyepanga njama. Alhamisi iliyopita tukaitisha Kikao cha Marehemu bila kumwambia mada. Dada aliingia na kikapu chake cha simu, akaona ubaoni pameandikwa Shule ya Udereva, akasimama kidogo. Kisha akacheka, akaacha kiti cha mwenyekiti, akaenda kukaa pale wanapokaa wenye mipango.

Aliye mgeni kazini alianza, akasema marehemu aliuawa na magari kuharibika yote juma moja. Mwingine akasema ndugu na jamaa walikuja kujifunza bure hadi mafuta yakaisha. Mimi nikasema wanafunzi waliulizwa itakuwaje mara nyingi mno hadi wakaamua kutembea kwa miguu, na hapo Dada alivua miwani afute machozi ya kicheko. Ikafika zamu ya mhasibu, mtu wa maneno ya kuhesabika. Akasema yeye haoni marehemu. Shule haikufa, haikuzaliwa kabisa. Mwenyewe alikuwa anangoja ajue jambo moja zaidi, kisha jingine moja, mpaka mwenye jengo akampangisha muuza magodoro.

Hakuna aliyecheka. Dada alitazama mikono yake, halafu akatuambia kwamba anaogopa. Miaka yote ameogopa kwa niaba ya watu na mali zao, hiyo anaijua. Lakini hili ni jasho lake na la mumewe, na upande huu wa meza hajawahi kuukalia. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, akamdai mhasibu dawa. Mhasibu akasema dawa ni tarehe. Mpaka tarehe hiyo atibu kila anachokiogopa, na kitakachobaki aende nacho hivyohivyo. Dada akauliza tarehe gani. Chumba kizima kikamjibu kwa pamoja kwamba ni leo.

Akatoka. Tukasikia droo ikifunguka. Akarudi na mkataba, akaandika masharti yake kwenye ukurasa mmoja, magari yakaguliwe kila Jumatatu na ndugu walipe nusu, akatia sahihi kwa ule mwandiko wake mkubwa unaosomeka kwa mbali, akaubana ule ukurasa na mkataba. Kwa mashine yangu.

Mwanafunzi wa kwanza ni mimi. Ndiyo, mkuu wa mauzo hana leseni, nimekuwa nikiendeshwa na wenzangu tangu nianze kazi, na hilo sasa mmelijua. Jumamosi nilishika usukani. Gari la kujifunzia lina breki mbili, moja kwangu na moja chini ya mguu wa mwalimu. Nikauendea mzunguko kwa mwendo wa mtu wa mauzo, na kwa pembe ya jicho nikauona mguu wake ukinyanyuka. Nikajua nakanyagiwa breki. Badala yake aliniuliza, kwa sauti ileile ya chai na sukari, lile lori likiingia bila kutazama, itakuwaje? Nikapunguza mwendo mwenyewe. Mguu wake ukarudi sakafuni, na lori likapita bila kutazama.

Dada, kwa niaba ya wote uliotupunguzia mwendo tusijue, ahsante. Tunakuombea afya, wanafunzi wengi, fundi wa majokofu asiyepika tena, na njia nyeupe mbele yako. Na ile mashine ya kubania karatasi, usipoirudisha, itakuwaje? Hakutatokea kitu. Baki nayo.