Chukueni Moto, Mnivushe Renea

Acheni kulia kwanza, wanangu, mnisikilize. Hipsokle baba, weka hilo shoka chini. Hizo mbao unazokata ili uzibe nyuma ya banda la kuku unifiche, zitunze za paa, maana mimi sifi nyuma ya banda la kuku. Ekenika mama, niinue kidogo, mgongo unaniuma. Na wewe mkwe wangu Ktesila, kaa chini, tumbo limeshuka tangu jana, nimeliona ingawa unajikaza.

Najua unachotaka, Hipsokle. Unataka mama yako afie nyumbani kwake, hapa Delo, kwenye kitanda alichokichonga baba yenu. Hata mimi natamani, mwanangu, natamani mpaka moyo unauma. Lakini mwangalizi wa Athene anapita mlango kwa mlango akiulizia wagonjwa na wajawazito, na akikuta maiti au kichanga kisiwani humu mtafukuzwa nyote, nyumba apewe mtu wao. Sitaki kufa kwangu kuwatoe nje.

Mnakumbuka walivyokuja na majembe. Walisema mungu Apolo anataka kisiwa chake kiwe safi, wakafukua makaburi yote, na baba yenu Tlepolemo wakamtoa, wakamrundika na wenzake kwenye shimo moja kule ng'ambo, kisiwa cha Renea. Nilimtambua kwa kisu chake cha kuchinjia. Tangu hapo hakuna ruhusa ya kuzaa hapa wala kufa hapa. Jamani! Apolo mwenyewe kazaliwa papa hapa, mama yake Leto kaung'ang'ania mtende akipiga kelele kama sisi wengine, na hakuna aliyemwambia avuke. Kuku wangu wanaangua na kuchinjwa karibu na madhabahu na mungu hanuni. Kumbe wachafu ni sisi tu, wenye kisiwa. Na miaka yote alikuwa kimya, mpaka meli za Athene zilipojaa bandarini ndipo akapata la kusema, tena kwa lafudhi yao.

Hata hivyo msimchukie Apolo, hana kosa. Ametulisha. Sisi ni wapishi wa sherehe zake, na wageni wakituita walamba sahani za mungu, chekeni nao, muwaongeze mchuzi. Hao Waathene watakuja tena na ng'ombe wao na waimbaji wao. Wapikieni vizuri, maana jina letu liko chunguni. Ila mkisikia mtu anasema mungu kasema, mtazameni kwanza anataka kuchukua nini.

Vitu vyangu havina maneno mengi. Kuku wote ni wa Ekenika, ndiye anayejua kuwanonesha. Hipsokle anawalisha kama anayewaadhibu. Jiwe la kusagia ni la Ktesila. Wifi yangu atakuja kudai sufuria ya shaba. Si yake, haijawahi kuwa yake, lakini mpeni. Nimechoka kununiana naye, na kusema kweli nitamkosa.

Sasa neno lenyewe. Kila mtoto wa nyumba hii baba yake alimbeba akamzungusha jiko letu, ndipo akawa wetu. Wewe Hipsokle, baba yako alikanyaga kaa la moto akaruka nawe juu, nusura nizimie. Renea hatuna jiko, kuna vibanda na upepo tu. Basi chukueni kile chungu cha pumba za kuku, mjaze makaa ya hapa, tuvuke nayo. Tunavuka leo, mimi na Ktesila, mashua moja. Mtoto akizaliwa mzungusheni moto huo, niwe hai au niwe nimelala moja kwa moja. Kisha nizikeni karibu na baba yenu, na makaa yarudi nyumbani pamoja na mtoto. Waandike wanavyotaka kuhusu alikozaliwa. Atakuwa wa jiko hili.

Njoo, Ktesila, niwekee mkono hapo. Ah, kanipiga teke! Huyu ni mume wangu kabisa. Akiwa msichana basi ni mke mwenzangu, mwambieni nilimwachia ugomvi wote. Uzae salama, mwanangu. Hipsokle, watoto wako wakupende kwa ukaidi kama unavyonipenda. Ekenika, usikose wa kucheka naye. Apolo wa kwetu, yule tuliyemjua kabla ya majembe, awaangalie.

Haya, nibebeni. Ktesila atangulie... polepole, pumzi inakata. Nawapenda, mmesikia? Nawapenda sana.

Yule pale, mwangalizi, kasimama gatini. Lazima nitoke Delo nikiwa naongea. Ekenika, kaa karibu na mdomo wangu. Mkiona nimenyamaza kabla mashua haijaondoka, wewe nijibu tu. Sema ndiyo, mama... nimesikia, mama... cheka kidogo. Chungu kiko wapi? Kifunikeni... upepo...

Haya, Ekenika. Nijibu.